Chuma Hakingoji Amina

Tulikuwa watu saba siku ile, na nitawataja wote kwanza, maana wengine wamekwisha kufa, na wengine mnapishana nao mjini bila kujua kwamba waliwahi kushika moto. Alikuwapo Mzee Salimu, mwenye tanuru, Mzanzibari wa hapa hapa Durban, aliyezaliwa mtaa wa Bluff kabla serikali ya zamani ya Wazungu haijawahamishia watu wake Chatsworth. Alikuwapo mtoto wake Rashidi, dereva wa lori la bandarini. Alikuwapo Dieudonné wa Bujumbura, pamoja na shemeji yake Bosco, maana Bosco alimuoa Espérance, dada yake Dieudonné. Alikuwapo MaMkhize, Mzulu, mpishi wa vichwa vya ng'ombe pale soko la Warwick, ambaye ndiye aliyeagiza chungu. Alikuwapo Pasta Elie wa kanisa letu, mtu wa Uvira. Mke wake, Mama Riziki, ni binti wa binamu ya marehemu mume wangu, kwa hiyo kanisani Elie ni pasta wangu na nyumbani ni mkwe wangu. Nilikuwa na deni la kumheshimu mara mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Wa saba ni mimi, Mama Nabintu.

Ninyi wajukuu huwa mnaniuliza, "Koko, ni kweli ulikuwa unayeyusha chuma?" halafu mnatazama mikono yangu kama polisi. Ndiyo, niliyeyusha. Nilianza mwisho wa ile miaka ya tisini, tulipokuja hapa tukikimbia vita, nikaendelea mpaka magoti yalipokataa. Mwanamke, mjane, darasa la tatu, na nilikuwa mkubwa wa tanuru. Kaeni niwaambie ilivyokuwa, mpate na la kutumia katika kazi zenu, hata kama kazi yenu ni simu na saluni.

Uwanja wetu ulikuwa Clairwood, nyuma ya gereji ya kunyoosha magari yaliyogongwa. Tanuru lenyewe lilikuwa kama pipa refu lililosimama, refu kuliko mtu, ndani limejengwa kwa matofali ya moto. Unalilisha kutoka juu: koku, yaani makaa magumu ya viwandani, kisha vipande vya chuma, kisha mawe ya chokaa, kisha koku tena. Chini upepo unaingia kwa feni ya mkono, ile ya kuzungusha. Chokaa inavuta uchafu wote, uchafu unaelea, na tunauita mavi ya chuma. Msicheke, ndilo jina lake, na hata Mzee Salimu aliyekuwa mtu wa adabu alilisema. Chuma chenyewe kinakusanyika chini. Ukitoboa tundu, kinatoka chekundu cheupe, chepesi kuliko uji wa mgonjwa.

Tulitengeneza vyungu vya miguu mitatu, mifuniko ya mitaro, na miguu ya mabenchi. Kila kitu kilitoka kwenye takataka: injini zilizokufa, ngoma za breki, mabafu ya zamani ya Wazungu. Bosco ndiye aliyekuwa anavunja injini kwa nyundo kubwa, na kila injini alikuwa anaiita jina la mwanasiasa. Sitayataja hayo majina, ingawa nayakumbuka yote.

Niliingiaje mle? Kwa kukosea. Nilikuwa naokota vyuma na kuviuza, navivuta kwa mkokoteni kutoka Cato Manor. Siku moja nilimkuta Mzee Salimu ameitwa nje na mtu, na chini kuna lundo la mchanga mweusi, karibu yake ndoo ya maji. Mimi kwetu Congo, upande wa Kabare, bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Nikaona mchanga ule umekauka, nikauonea huruma. Nikamwaga maji, nikaanza kuukanda, unalainika vizuri kama udongo wa chungu. Mzee akarudi. Nilifikiri ataniambia asante.

"Wee mama! Umetumwa na nani uje kuniua?"

"Nimesaidia tu, Mzee. Ulikuwa mkavu."

"Mkavu ndiyo unatakiwa! Chuma cha moto kikikutana na maji, hakiulizi mwenye nyumba. Kinaruka. Kinakufuata mpaka machoni."

Kiswahili chake kilikuwa cha bibi zake, na Kimakhuwa ndani, na Kizulu juu yake kama chumvi. Nilimwelewa bila kupoteza neno. Akaniambia nirudi kesho yake nikauanike mchanga wote niliouharibu. Nikarudi, nikauanika. Kesho kutwa yake nikarudi tena, hakunifukuza. Nilibaki hivyo.

Basi lishikeni hili la kwanza. Mchanga wa kalibu, yaani ule tunaoshindilia kuzunguka umbo la chungu ili chuma kiingie mahali pake, una kipimo chake cha maji. Chukua konzi moja, ibane, fungua mkono. Ikisambaratika, ni kavu mno. Ikikuachia unyevu kiganjani, rudisha juani. Ikikaa na alama za vidole vyako, na ukiivunja inakatika safi kama ugali uliolala, hapo njoo na moto. Mikono yangu ya ufinyanzi ilichukua muda mrefu kukubali. Kila siku ilikuwa inaomba maji. Ukihamia kazi mpya, watoto wangu, mikono inakuja na desturi za kazi ya zamani, na hazibishi hodi.

La pili: bati la rangi ya fedha, lile la mapaa na ndoo, usilitie tanuruni. Linatoa moshi mweupe mtamu mdomoni, na jioni unatetemeka kama mwenye malaria. Dieudonné alilitia, akidhani anapata chuma cha bure. Espérance alikuja asubuhi analia, anasema kaka yake amerogwa na Wazulu. Mzee Salimu akacheka mpaka akakohoa. "Amerogwa na ndoo," akasema. "Mpeni maziwa, alale."

La tatu: soksi za nailoni, hapana. Hilo sielezi, muulizeni Bosco awaonyeshe kifundo cha mguu.

Lakini sheria kubwa ya Mzee Salimu ilikuwa ya mdomo. Alipotoboa tundu alisema "Bismillahi", mara moja, kwa sauti ya kawaida. Baada ya hapo midomo yote ilifungwa. Chuma kikiwa kwenye upawa, ule mkubwa wenye mpini huku na huku wa kubebwa na watu wawili, anayesema ni mmoja tu, yule anayeongoza. Naye haongei, anaita: Nyanyua. Njoo. Shusha. Mimina. Usikate. Hilo la mwisho ndilo lenyewe. Ukianza kumimina, usikate. Chungu kina ukuta mwembamba. Chuma kinazunguka kalibu kutoka pande mbili na kukutana upande wa pili. Mmimino ukikatika, hata kwa pumzi moja, kile cha mbele kinapata ngozi, kile cha nyuma kinafika na kukiegemea tu. Kwa macho ni chungu. Kwa kweli ni vipande viwili vinavyosimama pamoja kama watu wasiosemezana. Tuliuita mshono.

Sasa sisi watu wa Congo na Burundi mnatujua. Kwetu jambo jipya halianzi bila maombi. Nyumba ya kupanga, tunaomba. Kioski cha simu, tunaomba. Mtu amenunua friji, pasta anaitwa aiwekee mkono. Na mtu akiomba, macho yanafungwa, na ikifika Amina kichwa kinashuka. Hatufundishwi hayo, tunanyonya nayo.

MaMkhize alipokuja kuagiza chungu chake, hatukuwa tumewahi kumimina kikubwa namna ile. Alikitaka cha vichwa viwili vya ng'ombe kwa mpigo. Mzee akafurahi kama bwana harusi. Rashidi hakufurahi.

Rashidi hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Kifua cha baba yake kilikuwa kimekwisha. Miaka yote ile ya kuzungusha feni na kumeza moshi ilikuwa imemfanya Mzee akohoe mpaka ashike ukuta. Mwenye gereji alikuwa anautaka uwanja wetu aweke magari, na Rashidi alishakubali moyoni. Alisema mbele yetu sote, "Baba, hiki chungu ndicho cha mwisho wa maneno. Kikitoka kizima, tutazungumza. Kikitoka kibovu, navunja tanuru kwa mkono wangu, nakupeleka nyumbani ukapumue."

Mzee akasema, "Sawa." Lakini alinitazama mimi.

Na mimi je? Mnajua mtu anayefika nchi ya watu anaitwa nini. Kwenye foleni ya makaratasi nilikuwa mkimbizi. Barabarani nilikuwa mgeni, na majina mengine ambayo sitaki myarithi. Uwanjani kwa Mzee Salimu nilikuwa mtu wa mchanga. Wateja walikuwa wanasema, "Mpelekee Mama, yeye ndiye anajua mchanga." Tanuru likivunjwa, ningerudi kwenye mkokoteni na kwenye yale majina.

Mara ya kwanza kumimina chungu kile, Dieudonné alimwalika Pasta Elie bila kutuambia. Pasta akaja na suti nyeusi, tai, na Biblia. Mzee Salimu, kwa adabu ya watu wake, akamletea kiti na chai. Moto ukapanda, tundu likatobolewa, Bismillahi ikasemwa, upawa ukajaa. Dieudonné mbele, Bosco nyuma. Mzee akavuta pumzi aite Nyanyua.

Pasta akainua mkono. "Tuombe."

Wallahi, kama alivyokuwa anasema Mzee, sijawahi kuona kitu kama kile. Dieudonné na Bosco, na chuma cha moto katikati yao, wakafunga macho. Nami nikafunga! Mzee Salimu, Mwislamu, akainamisha kichwa kwa heshima ya mgeni. Pasta akaanzia Misri. Akawatoa watu Misri, akawavusha bahari, nikasema moyoni, bado jangwa. Kisha akaingia kwa wale vijana waliotupwa katika tanuru la moto. Alipomtaja Shadraka nikajua tuna Meshaki na Abednego mbele. Nikafungua jicho moja. Chuma kikiwa tayari, uso wake unacheza, na vinyota vinaruka. Nyota zilikuwa zimekwisha. Uso ulikuwa umetulia kama maziwa yanayotaka kuweka utando.

Nani amkatize? Mzee ni mwenyeji. Wale wawili ni kondoo wake. Mimi ni mama mkwe. Tukangoja.

Akamaliza. Mzee akaita haraka, "Nyanyua, njoo, shusha, mimina!" Chuma kikaanza kuingia, na bado tungeweza kuokoka, Mungu ni mwema. Lakini katikati, tumbo la chungu linajaa, Pasta akakumbuka kitu.

"Na watu wote waseme?"

"Amina!"

Kichwa cha Bosco kikashuka. Mkono wa Bosco ukafuata kichwa cha Bosco. Mmimino ukakatika. Pumzi moja, labda chini ya hapo. Mzee akasema "Usikate" kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwambia mtoto asianguke wakati mtoto ameshaanguka.

Tulipovunja kalibu kesho yake, mshono ulizunguka tumbo kama uzi wa shanga. Nikajaza maji. Baada ya muda kidogo, tumbo likatoa jasho.

MaMkhize akaweka mikono kiunoni. "Hawu! Chungu changu kinalia, na mimi bado sijakipika."

Rashidi hakupiga kelele. Alikwenda akachukua ile nyundo ya Bosco ya kuvunjia injini. Mzee akamfuata, akakohoa, akashika ukuta, akasema, "Koku ya kuyeyusha mara moja imebaki. Niachie hiyo imalizike. Nyumba haivunjwi na kuni bado jikoni."

Rashidi akaishusha nyundo mpaka gotini. "Mara moja, Baba," akasema. "Moja." Akaiweka chini.

Habari za chungu zilifika kanisani kabla yangu. Jumapili, katika ule ukumbi tuliokuwa tunakodi karibu na Albert Park, Mama Riziki akaninong'oneza kwamba mume wake amefunga, hali, anajitayarisha. Baada ya ibada nikamfuata Pasta nje. Nilijifunga kitenge vizuri, nikasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa kwa mkwe.

"Mama Nabintu," akaanza yeye, kwa Kiswahili cha kwetu Congo, "ile chungu iliharibika juu ya roho chafu. Iko kitu katika ile tanuru. Siku ile ingine nitakuja, nitaomba mpaka kitoke."

"Aksanti sana kwa kufunga, Pasta. Lakini ile chuma ilikuwa imepoa."

"Mungu hawezi kuizuia isipoe?"

"Anaweza. Alizuia hata jua. Lakini sisi alitupa feni."

Nikaona lazima nimalize, maana nikirudi nyumbani na nusu ya neno sitalala. "Na yule mzee mwenye kuizungusha, kifua chake kimeoza na moshi. Hatuna mtu mwingine mwenye mikono ya nguvu. Bosco na Dieudonné wanabeba. Mimi niko na mchanga."

"Kwa hiyo unaniambia nisikuje?"

"Nakuambia ukuje, Pasta. Ukuje mapema, mbele ya moto haujawashwa, uombee mchanga, uombee koku, uombee hata miguu ya Bosco. Misri yote, na bahari yote. Wakati iko. Na usikuje na koti."

Alinitazama. Sikuweza kumtazama, mkwe hatazamwi hivyo, nikatazama viatu vyake. Viling'aa. Nyuma yetu Mama Riziki alikuwa anacheka ndani ya kitambaa, na nafikiri ndiye aliyeniokoa.

"Mama mkwe ananiajiri," Pasta akamwambia mke wake.

"Kubali," Mama Riziki akasema. "Wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kupeleka ile nguvu yote."

Siku yenyewe, ile niliyoanza nayo, Pasta Elie alikuja kabla ya watu wote isipokuwa mimi. Shati la mikono mifupi. Aliombea mchanga vizuri, kwa utulivu, akaanzia kweli Misri, nami nikaitika kila kitu kwa moyo mweupe, maana mchanga una subira. Kisha tukawasha.

Mzee Salimu alifika akikohoa kupita siku zote. Akajaribu kumwonyesha Pasta namna ya kuzungusha feni: usianze kwa haraka, tafuta mwendo wa mtu anayesaga mahindi, uukae. Sauti ikamtoka kidogo, ikakatika. Akanivuta pembeni. "Leo ita wewe," akaniambia. "Mimi sina koo."

Sikuwa nimewahi kuita. Nikasema, "Mzee, hawatanisikia."

"Watakusikia. Unamfokea Bosco kila siku."

Rashidi alisimama kwenye mlango wa gereji, mikono kifuani. MaMkhize alikaa juu ya bafu la zamani, na kitambaa chake, doeki, kichwani, anakula karanga kama aliyekuja kutazama mpira.

Pasta akaanza na nguvu zote za mtu wa Mungu. Dakika za kwanza alikuwa anazungusha na kuomba kwa sauti: "Ee Baba wa mbinguni, wewe uliyewatoa..." Feni inataka pumzi, na maombi yanataka pumzi ile ile. Misri ikawa fupi. Bahari ikapungua. "Ee Baba... wewe... ee Baba..." Jasho likamtiririka mpaka kwenye mkanda. Moto ukaanza kunguruma vizuri, ule mngurumo wa chini unaousikia kwenye nyayo kuliko masikioni. Mwishowe nikamsikia anasema, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa ngazi, "Baba, unajua." Akanyamaza, akazungusha.

MaMkhize akapiga paja, akamwita pasta kwa Kizulu. "Eish, Mfundisi! Leo umeomba vizuri!"

Tangu siku ile, uwanjani kwetu hakuna aliyeomba kwa maneno mengine. Waislamu, Wakristo, hata wale wasiokwenda popote: "Baba, unajua," halafu kazi.

Mzee akatoboa tundu. Bismillahi yake ilitoka bila sauti, niliiona midomoni. Chuma kikaja, na uso wake ulikuwa unacheza, nyota zinaruka mpaka nikarudi hatua. Upawa ukajaa. Bosco alikuwa amefungua macho kiasi kwamba alifanana na samaki.

"Nyanyua," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. Hawakusogea. "Nyanyua!" Wakanyanyua.

"Njoo. Njoo. Shusha. Mimina."

Kikaingia. Mmimino ulikuwa mmoja, mnene kama kamba ya mashua, haukatiki. Nilikuwa natazama tundu la kupumulia la upande wa pili, maana chuma kikitokeza pale, kimekutana. Bado. Bado. Hapo Pasta, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, aliachia feni, akajiegemeza, na kwa furaha ya kupumzika, bila kujua, akasema kama mtu anavyosema akikaa kitini:

"Amina."

Nikaona shingo ya Bosco. Ilianza safari yake. Sikuwa na nafasi ya kuchagua neno, wala ya kukumbuka nani ni mkwe wa nani.

"Macho, Bosco! Usikate! Na wewe Elie, funga mdomo!"

Nilimwita jina tupu, bila Pasta. Mkwe wangu, mbele ya watu. Shingo ya Bosco ikasimama njiani. Mkono haukufuata. Chuma kikatokeza upande wa pili, jicho moja jekundu, na nikasema, "Basi."

Upawa uliwekwa chini. Pasta alikuwa ameshika mdomo wake kwa mkono, kweli kweli, kama mtoto. Nikaanza kumwomba radhi, akanikataza kwa mkono ule mwingine, kwa sababu wa kwanza bado alikuwa ameziba nao.

Chungu kikubwa hakifunguliwi siku ile ile. Hili nalo lishikeni: kikitoka mapema, baridi inakishtua, kinapasuka kwa kiburi. Tulikwenda nyumbani. Asubuhi tulikuwa wote saba pale, hakuna aliyeitwa, hata Pasta alikuja, na mikono yake haikuweza kufunga kifungo cha shati. Nikavunja kalibu taratibu, nikausugua mchanga kwa brashi ya waya. Sikuona uzi. Lakini macho hayatoshi, mshono unajua kujificha.

Rashidi akaja. Hakumwomba mtu ruhusa. Akachukua nyundo ndogo, akakigonga tumboni. Chungu kibovu kinajibu kama mlango. Hiki kiliimba, sauti moja ndefu, ikatoka uwanjani, ikaingia gereji, na wale vijana wa kunyoosha magari wakaacha kugonga wasikilize ni nini. Rashidi akagonga tena upande wa pili. Ile ile. MaMkhize akajaza maji mwenyewe, akapitisha kiganja chake chini na pembeni, polepole, kama anavyompapasa ng'ombe sokoni.

"Kikavu," akasema. "Nipeni gari."

Rashidi akampa lile lori. Lakini kabla hajapanda alimgeukia baba yake. "Tanuru libaki. Lakini wewe, Baba, moshi basi. Sikuoni tena karibu ya moto huu. Huyu mama ndiye mwenye kusimamia. Mkikubali hivyo, nitamwambia mwenye gereji atafute kwingine. Mkikataa, nyundo iko pale."

Mzee akacheka. Alifikiri ni maneno ya mtoto. Rashidi akaondoka na chungu, na MaMkhize ameketi mbele kama malkia.

Siku ya kazi iliyofuata, nilifika nikamkuta Mzee Salimu ameinama kwenye feni, anaipaka mafuta, anakohoa. Kama siku zote. Dieudonné na Bosco walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkubwa ni mtu anayetazamwa wakati neno gumu linatakiwa kusemwa.

Nikaenda nikapiga magoti kidogo, kama mnavyonipigia mimi. "Mzee," nikasema, "toka."

"Nitoke wapi?"

"Moshini. Nenda getini."

"Tanuru la nani hili, mama?"

"Lako. Na kifua chako. Nenda getini, Mzee, nakuomba, kabla sijakuita jina tupu na wewe."

Amri yangu ya kwanza katika ukubwa wangu ilikuwa kumfukuza aliyenifundisha. Alifuta mikono. Alichukua kiti kile alichompa Pasta, akakiburuta mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akakiweka getini, akakaa akitupa mgongo. Nilijua amekasirika. Tukawasha. Moto ulipoanza kunguruma, nikasikia anaita kutoka kule, bila kugeuka, "Upepo mdogo! Mnasaga mahindi au mnabembeleza mtoto?" Akakaa getini pale miaka, akisikiliza. Alipona kiasi cha kuwaona watoto wa Rashidi wakioa, na kwa makosa yetu yote alikuwa na sikio.

Haya ndiyo niliyonayo, na mmoja wenu anayaandika. Espérance anasema aliyekuwa nyuma ya upawa ni Dieudonné, kaka yake, na kwamba ninamsingizia mume wake; labda. Mama Riziki anasema sikusema "funga mdomo", nilisema neno kali zaidi. Kama wewe unayesoma ni mtoto wa mmoja wa wale saba, na nyumbani kwenu mlisimuliwa vingine, njoo uniambie, nitabadilisha mbele yako. Lakini njoo upesi, ningali nasikia. Nikishakwenda, makosa yangu nayo yatakuwa ndiyo yaliyotokea.